Namba Iliyobadilishwa na Moto

Siku tatu mfululizo kompyuta ya Nadège ililinganisha picha za watoto waliopotezana na wazazi wao vitani na zile zilizoletwa na wazazi kutoka Oicha na Beni. Yeye ndiye aliyekuwa fundi pekee wa ofisi ndogo ya Butembo iliyowarudisha watoto hao kwao. Asubuhi ya siku ya nne alisikia harufu ya plastiki iliyoungua. Akafungua ubavu wa mashine. Vantilateri, feni iliyopaswa kupoza memwari, kijibao kinachoshika namba, ilikuwa imesimama, imejaa vumbi jekundu. Aligusa memwari, akarudisha kidole haraka.

"Chef, tuzime," alimwambia Melchior, mkuu wake. "Memwari ikipata moto hivi, inabadilisha namba, na haisemi kitu."

"Mais liste ilitoka jana! Batoto bako mu njia."

Nadège akazima. Akachukua liste, orodha ya watoto na wazazi iliyotolewa na mashine, na karatasi zilizoandikwa kwa mkono wazazi walipotambua picha, akalinganisha mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa kumi na tisa namba hazikulingana. Joyeuse, miaka mitatu. Karatasi ilisema mzazi namba 2184: Kyakimwa wa Oicha, mama aliyelia alipoitambua picha. Liste ilisema 2185: mwanaume wa Kanyabayonga, aliyejiandikisha kwa simu tu.

Alimpigia Asumani, dereva aliyempeleka mtoto huyo. Simu haikuingia. Akapiga tena na tena, mpaka ikashika.

"Papa Asumani, Joyeuse iko wapi?"

"Nilishamupeana, mama. Bwana alisaini. Hakumuuliza mutoto hata jina."

"Ule hapana baba yake. Rudi, papa, rudi sasa hivi!"

Nadège alisikia gari likigeuzwa.

Saa mbili zilipita. Melchior alikuwa akisali rozari. Simu ilipolia, Nadège aliiweka sikioni.

"Niko naye," Asumani alisema, akihema. "Nilimukuta bwana kwa parking ya magari, anatafuta pikipiki ya kumupeleka mutoto mbali. Aliona gari, akakimbia. Mutoto anatetemeka."

Nadège akalia. Melchior akamshika bega, akasema wampigie Kyakimwa.

"Piga weye, chef," Nadège alisema, akijifuta macho. "Mimi niendelee na liste."

Kwenye mstari wa thelathini na mbili, kwa mara nyingine, namba hazikulingana. Mtoto wa mstari huo alikuwa ameondoka jana, kwa gari lingine. Nadège akampigia dereva wa gari hilo. Simu haikuingia. Mpaka jioni haikuingia.