Jicho Lipo

Siku bibi alipofariki alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, vidole vyake vimeshika pindo la fulana ya mjukuu. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na kwa mwendo wake walimwita Chapuchapu. Mama yake, fundi wa nguo, binti pekee wa marehemu, alivikunjua vile vidole kimoja kimoja. Mtoto akakimbilia jikoni, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kumrudisha.

Marehemu alipooshwa, jicho la kulia lilifumba. La kushoto halikukubali. Waliporudi kutoka makaburini walilikuta jikoni, kwenye ukingo wa dirisha, kati ya sabuni na kiberiti, linamtazama Chapuchapu.

“Ameacha jicho,” alisema jirani aliyekuja kuosha vikombe. “Wengine huacha ugomvi.”

Bibi alipokuwa hai walizoea kumwambia amtupie mtoto jicho. Alikuwa akijibu kwamba jicho bila miguu ni pambo, kisha anainuka, magoti yanalia, anamfuata. Sasa walikuwa watu wazima watatu: fundi wa nguo chumbani na cherehani yake, mumewe fundi simu kwenye meza ya mlangoni, na wifi uani akifulia watu. Kila mmoja alifanya kazi kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa jicho lilikuwepo.

Mtoto akiwa mbali na hatari, lilikuwa kavu. Akikaribia ndoo ya maji, lililowa. Siku aliposhika chupa ya soda iliyotiwa dawa ya madoa, lilitoa machozi mpaka sabuni ikaumuka povu. Wifi aliliona povu, akamnyang’anya mtoto chupa, akairudisha palepale. Shida ilikuwa moja tu: ilibidi mtu alitupie jicho lile jicho.

Ijumaa moja sare za shule zilitakiwa kuchukuliwa jioni. Wifi aliwasha birika la umeme, akatoka kuanika. Fundi wa nguo, pini mdomoni, akamwambia kupitia dirishani amwangalie mtoto. Wifi akaitikia akidhani ameambiwa aangalie mvua. Baadaye kidogo nyumba ikawa kimya.

“Baba Chapu, mtoto yuko na wewe?”

Mumewe alikuwa na skrubu ndogo kama chembe ya sukari kwenye ncha ya kidole. Hakuinua kichwa.

“Jicho lipo.”

Jikoni, waya wa birika ulining’inia ukingoni mwa meza. Chapuchapu aliupiga kofi, ukabembea. Jicho lililowa. Akaushika kwa mkono mmoja. Machozi yakateremka ukutani. Yakapita chini ya mlango, yakafuata ufa wa sakafu koridoni. Akaushika kwa mikono miwili. Chumbani, fundi wa nguo alihisi ubaridi kwenye unyayo. Aliyajua machozi ya mama yake. Aliinama kwanza kuokota kola kumi na mbili zisilowe, ndipo akakimbia.

Alifika birika likiwa hewani.

Hospitalini muuguzi alifunga mkono wa mtoto toka bega hadi kiganja. Akauliza alikuwa na nani.

“Nilidhani yuko na wewe, wifi,” alisema wifi.

“Alikuwa na bibi yake,” alisema baba.

Muuguzi akaandika: bibi. Nafasi kwenye fomu ilikuwa fupi.

Nyumbani walikubaliana kwamba jicho lilichelewa. Mume akapigilia kibao juu ya dirisha, akaliweka hapo ili lione vizuri zaidi. Birika likarudi mezani, kwa sababu soketi iko pale. Jioni hiyo fundi wa nguo alibaki jikoni peke yake na mtoto, akalipangusa jicho la mama yake kwa pindo la khanga. Alitaka kumwomba radhi. Jicho lilimtazama kidogo, kisha likaangalia nyuma yake, mtoto alikokuwa.

Mkono umepona, umebaki na kovu mpaka kwenye kiwiko. Sare sasa ni za shule mbili. Kila asubuhi mmoja wao hupanda kiti kulifuta jicho vumbi, kisha kila mtu huenda kwenye kazi yake. Kiti hubaki palepale, na Chapuchapu ameshajua kukisukuma hadi mezani.