Masizi ya Alfajiri

Haraka haraka ina baraka, kama bunduki imetoka kulia. Kutu haingoji mtu apumzike. Ndiyo maana Faustina, aliyekesha shambani akilinda mahindi, aliketi kwenye kigoda nje ya jiko badala ya kulala. Nguruwe pori aliyempiga risasi alfajiri alikuwa juu ya magunia, hajachunwa bado. Wenzake wanne walikimbia. Wangerudi jioni.

Alihakikisha chemba ni tupu, akautenganisha mtutu na kitako. Ilikuwa bunduki ya marehemu mumewe. Kibali sasa kilikuwa na jina lake. Akasukuma kitambaa ndani ya mtutu kwa ufito. Kilitoka cheusi tii. Akabadilisha kingine. Mabega yalimuuma.

"Shemeji, unaiogesha kama kichanga!" Dastan, mdogo wa marehemu, alicheka huku akinoa kisu. "Utaipaka na poda?"

"Ilete hiyo poda, nianze na wewe."

Kicheko kilikatika baba mkwe wa Faustina, mzee Kasian, alipotoka ndani. Macho yake yaliangukia vile vitambaa. Katika ukoo wao, bunduki iliyoua hulala na masizi yake mpaka wazee waonje nyama. Kuifuta kabla ni kufukuza bahati.

"Mama Edmund. Wazee hawajaonja, wewe umeshaifuta?"

"Nimeifuta, Baba."

"Mwaka jana ulingoja."

"Nilingoja siku tatu, na ukungu huu wa Kilolo. Ikaota kutu. Wewe ukaipaka mafuta ya alizeti, yakaganda kama gundi. Nguruwe walipokuja nikavuta kifyatuo, kimya. Shamba zima tukavuna madebe mawili."

Mzee alikohoa. Naye alikuwa amekula viazi vitupu miezi minne kama wao wote.

"Wazee wanakuja mchana," alisema, sauti imeshuka. "Piga magoti, sema umekosa. Neno moja tu, mwanangu, yaishe. Ukalale."

Kulala. Kope zake zilikuwa nzito kama zimejaa mchanga. Neno moja lingemfikisha kitandani, na safari ijayo wangemtaka angoje tena siku tatu.

Akaurudisha mtutu kwenye kitako, akadondosha mafuta ya bunduki kwenye bawaba, akaifungua na kuifunga. Ililainika.

"Nitawapikia, Baba. Nitawapakulia kwa magoti, kama siku zote. Lakini msamaha siombi."