Mashua ya Bodil

…haitoki, bodi ya mashua imeng'ang'ania kama kupe ndani ya kalibu tuliyoiumbia, na nta ya kuzuia isigande niliipaka mwenyewe, kila kona ya kalibu, nikaisugua hadi nikauona uso wangu, sasa Bodil anagonga kwa nyundo ya mpira, du, du, ananiita, "Wifi Tove, leta maji, yapenye hapo mbele, yaiachanishe!" nami nimeshika mpira wa maji, sifungui, kwa sababu ikitoka ataipanda, mke wa kaka yangu, ataipeleka mashindanoni mle mle baharini alimofia huyo kaka, Preben… Preben aliyeanza nami yote haya, kwenye banda hili lililokuwa la nguruwe, baba, fundi wa mashua za mbao, akasimama mlangoni na kiko chake, "Mnaunda mashua au mnapika uji?" tukacheka, gundi inatuwasha mikono, vumbi la faibaglasi shingoni, hadi kitandani, mama akakataa kufua nguo zetu, kisha mashua yetu ya kwanza ikawaacha nyuma watu wa Kopenhagen mashindanoni, na baba akaja kimya kimya akaipapasa ubavu kama anapapasa farasi… "Tove! Umelala?" sijalala, naiona ile asubuhi ya Aprili, walipoivuta mashua yetu hadi bandarini Svendborg, nzima, hata ufa haina, tanga limelowa, Preben hayumo, wakaniambia, "Angalau mashua haikuwa na kosa," eti hiyo ndiyo pole, laiti ingekuwa na kosa, ningeipasua kwa shoka, ningepata wa kumlaumu, badala yake nikalifunga banda, mpaka Bodil alipoingia bila hodi, akaliondoa turubai lililofunika kalibu, "Nitengenezee yangu," nikamwambia maji yale ni baridi, akasema, "Wifi, nalala na baridi hiyo kitandani, unanihadithia mimi?"… du, du, nywele zimemganda usoni, na mimi siku zote nikidhani anataka kumfuata mumewe, kumbe mtazame, mtu anayetaka kufa hagongi hivi, huyu anataka kutoka, aliyejifungia ndani ni mimi… "Nitagonga hadi kesho, nakwambia!" nafungua maji, yanateleza ukingoni, bodi haijasogea hata unywele, "Si hapo," namwambia, "gonga huku kwangu, na jaketi la kuokolea utavaa, sitaki ubishi," "Nitavaa," "Kila siku, Bodil," "Nimesema nitavaa!" "Haya, gonga."