Dari la Magamba

Asubuhi ya Jumamosi mkwe alitandaza magazeti sakafuni sebuleni, akafunika viti kwa mashuka makuukuu, akaanza kupaka dari rangi nyeupe. Halikuwa dari laini. Lilikuwa la plasta iliyopigwa kwa kiganja ikiwa mbichi, nusu duara juu ya nusu duara kama magamba ya samaki, na kila gamba lilikuwa na vishimo vyake. Alipitisha rola, vishimo vikabaki vikavu. Alipitisha tena, rangi ikamdondokea puani.

"Hili dari linakula rangi kama lina minyoo," akasema.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa kwenye kiti cha dirishani, magoti yamefungwa vitambaa vya joto. "Ndivyo lilivyo tangu mwanzo," akajibu. "Nililipiga mwenyewe."

"Ndiyo, Mama," mkwe akasema, kwa sauti ile tunayowatunzia watoto na wazee.

Kila mtu aliliita dari la Mzee. Marehemu mume wa Bibi alikuwa fundi plasta, na ni dari hili lililolivusha jina lake mtaa wa pili na wa tatu. Ukweli ni kwamba marehemu hakuogopa kitu duniani ila ngazi. Hata balbu ikiungua alimwita mkewe. Dari lilipopigwa, yeye alibaki chini akichanganya plasta, akashika ngazi, akasema "kushoto kidogo". Mkewe, mwenye mimba ya kifungua mimba wao, ndiye aliyepiga magamba moja moja mpaka yakafika pembeni. Watu walipokuja kutazama, mume alipokea sifa sebuleni, mke alikuwa jikoni anachemsha chai. Tangu siku hiyo Bibi alitaka kitu kimoja tu: mtu amwambie, "Umefanya kazi." Kusema kwamba dari ni kazi yake, alishasema. Walidhani ni uzee.

Marehemu alikataza dari kupakwa rangi, naye hakutoa sababu. Lakini mchana huo mafundi wenzake wangekuja kula chakula, na mwanawe mkubwa, mume wa mkwe, alitaka ling'ae.

Rangi ilipolowesha gamba la katikati, Bibi aliinuka na kiti kikabaki. Alipanda polepole, gauni amelishika kwa adabu, akageuka hewani, akatua darini kwa nyayo, kichwa chini. Plasta ikipata unyevu humvuta aliyeipiga. Mafundi wanalijua hilo, ndiyo maana nyumba zao wenyewe hazipakwi rangi.

"Magoti je, Mama?" mkwe akauliza.

"Huku hayaumi. Nipe brashi."

Mkwe akawa anachovya na kumpandishia. Bibi alipaka gamba kwa gamba, akianzia pale kiganja kilipoingia na kumalizia pale kilipotokea. Halafu akaanza kuimba. Halafu kiuno kikaitika. Alicheza kuizunguka taa, miguu pekupeku juu ya rangi mbichi, na mkwe alicheka hadi akakalia kifuniko cha ndoo. Hakuna aliyefurahi katika nyumba ile kama Bibi alivyofurahi asubuhi hiyo, toka ilipojengwa.

Mwanawe mkubwa aliingia na kreti la soda. Akatazama juu.

"Mama, wageni wako njiani. Shuka ubadilishe nguo."

Akaweka kreti chini, na visigino vyake vikaachana na sakafu. Si sana, kidole kimoja tu. Naye alikuwako juu ya ngazi siku zile, tumboni.

"Baba watoto, unaelea," mkwe akasema.

"Ni hivi viatu vipya." Akaketi haraka, akalipakata lile kreti.

Mkwe alivitazama visigino, akamtazama Bibi. Kisha akachovya brashi. "Mama, hapa pembeni tunapakaje?" Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza juu ya kazi.

Mafundi wakafika, wazee watupu, wakavua kofia na kuinua nyuso.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo, shemeji zangu. Karibuni, rangi bado mbichi."

Wakakaa. Mkubwa wao akatikisa kichwa. "Marehemu alikuwa na mkono! Tazameni gamba lile, hata alama ya kiganja inaonekana. Kidole cha mwisho kimepinda."

Bibi akaweka mkono wake pale. Ukaingia wote, pamoja na kidole chake cha mwisho kilichopinda.

"Mnaona?" fundi mkubwa akasema. "Inamwenea hata shemeji. Marehemu alikuwa na viganja vidogo sana."

Marehemu alikuwa na viganja kama masinia, na hapakuwa na mgeni hata mmoja ambaye hakuwahi kupeana naye mkono. Wote wakaafiki kwamba vilikuwa vidogo.

Hapo Bibi akacheka. Alicheka kwa moyo wake wote, akajishika mbavu, dari likatikisika, na matone ya rangi yakaanguka kwenye soda ya fundi mkubwa.

"Paa linavuja," fundi akasema, akichungulia chupa yake. "Aitwe fundi."

"Abee!" Bibi akaitika kutoka juu.

Mwanawe, kreti bado mapajani, akatoa simu na kuanza kutafuta namba ya fundi.