Siku Mbili Bogota

Nohemí Barragán hakuwahi kuiona Bogota, ingawa mumewe alikuwa akienda huko kila mwezi kuuza vitunguu. Kwa hiyo Evaristo alipomwambia, "Jiandae, twende tukatembee siku mbili," alidhani amesikia vibaya. Tangu waoane hajapelekwa hata mji wa jirani. Akashona upya pindo la gauni lake la kanisani, akanunua viatu vyekundu, akamwachia jirani funguo za nyumba na mama mkwe wa kutunza.

Kituoni walipokewa na mwanamke mwembamba mwenye koti la ngozi.

"Huyu ni Yolima," Evaristo alisema. "Kazi yake kutembeza wageni."

Yolima akamtazama Nohemí kuanzia juu mpaka chini. "Karibu, bibie. Hivyo ni viatu, au umekanyaga nyanya?"

Evaristo akacheka. Nohemí naye akacheka, maana ugenini mtu hucheka na wenyeji.

Kwenye uwanja wa Bolívar, Yolima alimmwagia punje za mahindi kichwani ili njiwa wamtulie, akampiga picha akipiga mayowe. Kwenye makumbusho ya dhahabu akamwuliza kwa sauti, watu wakisikia, kama anajua kusoma.

"Najua."

"Basi soma pale: usiguse."

Evaristo alikuwa amegeuka upande, mabega yakimtikisika.

Alasiri wakapanda mlima Monserrate kwa gari linaloning'inia kwenye waya. Juu kule baridi inakata, na mji wote unauona chini kama kokoto zilizomwagwa. Wakaagiza chokoleti ya moto na tamali, unga wa mahindi uliopikwa na nyama ya nguruwe ndani ya majani ya mgomba. Sasa, Evaristo hali ngozi ya nguruwe. Tangu utotoni inamtapisha. Kabla hajasema neno, Yolima alinyoosha uma, akaitoa ile ngozi kwenye sahani ya Evaristo, akaila, huku anaendelea kusimulia habari za kanisa la mlimani.

Nohemí akaweka kijiko chini.

"Tangu lini?"

Mumewe hakujisumbua kukana. "Mwaka wa nne huu."

"Na mimi umenileta hapa kufanya nini?"

Aliyejibu ni Yolima. "Mimi ndiye niliyeomba. Alisema una sura ya gunia la viazi. Nikamwambia, we mwongo, hakuna mwanamke wa hivyo, hebu mlete nimwone." Akajifuta midomo, akamgeukia Evaristo. "Nisamehe, mpenzi. Ulisema kweli."

Evaristo akaangua kicheko mpaka akapaliwa. Watu wa meza ya pili wakageuka. Nohemí alimngoja amalize kukohoa.

"Haya, umeniona," alimwambia Yolima. "Na mikono hii umeiona?" Akaiweka mezani, imekauka, imepasuka kwa sabuni. "Mama yake hainuki kitandani. Namgeuza, namwosha, namlisha. Amekwambia hilo?"

Yolima akakodoa macho. "Evaristo, si ulisema mama yako alishakufa?"

"Ukipenda boga, penda na ua lake," Nohemí akasema. Akanyanyuka, akashuka na gari la kwanza, akapanda basi la kurudi nyumbani Sogamoso.

Katika nyumba ile hakuna aliyempenda Nohemí kama mama mkwe wake, Eudoxia. Alipokuwa na nguvu alimgombeza mwanawe kwa ajili yake. Asubuhi iliyofuata, bibi alidhani anapelekwa hospitali. Alipoona nguo zake zote zinatiwa kwenye gunia, akashika mbao ya kitanda.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Basi niache nifie hapa."

Nohemí akambandua vidole kimoja kimoja. Dereva wa lori la vitunguu alisitasita. "Dada, huyu atafika kweli?"

"Akifika asifike, mpe mwanawe. Kibanda chake sokoni Bogota unakijua."

Wakamlaza juu ya magunia, wakamfunika blanketi. Njia nzima, dereva alisimulia baadaye, bibi alikuwa akiuliza kama Nohemí amekaa mbele.

Bibi alipofikishwa kwenye chumba alichokaa Yolima na Evaristo, Yolima alifungasha siku hiyohiyo, akahama bila kuaga. Evaristo alimpeleka mama yake kwa masista wanaotunza wasiojiweza, na huko hakukaa sana.

Habari za msiba zilipomfikia, Nohemí aliuliza jambo moja tu: kama walimvika soksi, maana miguu yake ilikuwa ikipata baridi upesi. Mazikoni hakwenda.