Mia kwa Mia ya Mwalimu Jotham

Jotham alirudi Tukuyu mwaka tisini na nne, baada ya shirika la umma alilolitumikia Dar es Salaam kupunguza wafanyakazi na yeye kupunguzwa pamoja nao. Alirudi na suti mbili, redio kubwa na Kiswahili cha mjini, na kwa watu wa kata ya Makandana hayo yalitosha kumfanya msomi. Hakuna aliyejiuliza shirika lingemwachaje msomi wa namna hiyo aende zake. Akapanga godauni la chama cha ushirika, ambalo tangu wanunuzi binafsi waingie wilayani halikuwa limeona hata gunia moja la kahawa, akaweka mabenchi na ubao, akafungua tuisheni ya jioni kwa waliofeli kidato cha nne na kutaka kurudia mtihani.

Mwaka wa kwanza alipata wanafunzi watatu. Mmoja aliolewa Kyela kabla ya Pasaka. Wa pili alikimbilia Tunduma kuuza vitenge. Akabaki Anyitike, mtoto wa mchungaji, kijana ambaye angefaulu hata angefundishwa na ndama. Anyitike akafaulu. Wiki ileile akaitwa fundi rangi, na juu ya mlango wa godauni kukatundikwa ubao wenye herufi nyekundu: UFAULU ASILIMIA 100.

Haukuwa uongo. Mmoja katika mmoja ni mia kwa mia, na aliyefika darasa la sita anaweza kulihakiki hilo kwa kidole. Ajabu ni kwamba mji mzima ulipita chini ya maandishi yale, walimu wastaafu, makarani, wazee wa kanisa wenye kalamu mbili mfukoni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mia hiyo imetoka kwa wangapi. Walisoma namba, wakatikisa kichwa kwa heshima, wakaenda nyumbani kuwasema watoto wao. Jotham akaalikwa kuzungumza kwenye mahafali. Akapewa kiti cha mbele harusini. Mwaka uliofuata mabenchi yakajaa watu arobaini.

Elina alikuwa mmoja wao. Alikuwa binti kutoka Ibighi, mwenye miaka ishirini na miwili, anayechuma chai asubuhi na kusoma jioni huku vidole vyake vikiwa bado vyeusi kwa utomvu wa majani. Baba yake, Ezron, fundi katika kiwanda cha chai, ndiye aliyempeleka kwa Jotham baada ya kuyasoma yale maandishi. Hesabu ndiyo iliyomwangusha Elina mara ya kwanza, na hesabu ndiyo aliyoiogopa.

Lazima isemwe kwamba Jotham alijua kufundisha asilimia. Alikuja darasani na mkungu mzima wa ndizi, akawafanya wazihesabu, akaondoa zilizooza, akauliza zilizobaki ni asilimia ngapi ya zote. Aliwaonya wasishike kamwe namba ya juu bila kujua namba ya chini. Bei ikishuka kwa nusu kisha ikapanda kwa nusu, aliwaambia, haijarudi ilikokuwa, na mjinga ndiye hushangilia. Elina, ambaye kwa miaka minne ya sekondari alikariri kanuni bila kujua inakata nini, alielewa siku ile. Jioni alimweleza shangazi yake Tusekile, aliyekuwa akiishi naye, hesabu nzima ya mkungu, na shangazi akasikiliza huku akikamua ng'ombe wake, akasema huyo mwalimu kumbe ana akili.

Akili alikuwa nayo. Ndiyo iliyomfanya akose usingizi. Mwenye ubao wa mia kwa mia hana pa kupanda tena. Ana pa kushuka tu. Kwa hiyo mwezi wa nne akatoa mtihani wa majaribio, akasahihisha mwenyewe, kisha akaanza kuwaita ofisini mmoja mmoja wale waliopata chini ya hamsini.

Elina alikuwa na arobaini na nne. Jotham alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya baba, akamwambia kwa sauti ya daktari mwema kwamba mwaka huu apumzike. Ajiandae taratibu. Mwakani atafaulu vizuri zaidi. Elina aliuliza kama jina lake limeshapelekwa kusajiliwa. Jotham akasema ameliondoa, kwa faida yake mwenyewe.

Wengine waliambiwa hayohayo, na wengi wao walitoka mle ofisini wakishukuru. Ndivyo walivyokuwa. Mtu amekunyang'anya mtihani wako, nawe unampa mkono kwa sababu ana tai. Andrea, mvulana kutoka Lufingo aliyepata arobaini na nane, aliwaeleza wenzake kwamba mwalimu amemwonea huruma. Waliobaki kwenye usajili walikuwa tisa.

Shangazi Tusekile hakushukuru. Kesho yake alijitanda kanga yake ya kanisani, akamchukua Elina, wakashuka Makandana kwenye manyunyu na kumkuta Jotham akikagua mabenchi, wanafunzi kadhaa wakiwa wameshafika. Walisalimiana vizuri, kwa Kinyakyusa kwanza, kisha shangazi akauliza kwa Kiswahili ili wote waliokuwepo waelewe.

"Mwalimu, hao ulionao wakifaulu wote, ubao utaandika nini?"

"Asilimia mia, mama."

"Na kama ungewapeleka wote arobaini?"

Jotham hakubabaika. Alijibu kama anayemweleza mteja tofauti ya sabuni mbili. "Kwa majaribio yalivyokwenda, wangefaulu kama ishirini. Hiyo ni hamsini. Sasa niambie wewe, mama, mzazi gani atamleta mtoto wake kwenye hamsini?"

"Lakini ishirini wangefaulu," Elina alisema.

"Najua."

"Na hao ni tisa."

"Najua, Elina. Nimewafundisha mimi hiyo hesabu." Akafuta vumbi kwenye benchi kwa leso. "Wazazi wenu hawakuja hapa kwa ajili ya watu ishirini. Walikuja kwa ajili ya mia."

Shangazi akatema mate nje ya mlango, taratibu, kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Walipokuwa njiani hakumtukana Jotham hata neno moja. Aliwatukana waliokuwa wamemwekea kiti cha mbele, akianzia na kaka yake, Ezron.

Dirisha la mwisho la usajili lilikuwa halijafungwa, ingawa sasa lilikuwa na faini. Elina aliulizia, akaambiwa kwamba Mbeya mjini kuna sekondari inayopokea watahiniwa wa kujitegemea, na mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe bila mwalimu wala tuisheni. Jotham hakuwahi kuwaambia hilo. Akawapitia wenzake wote thelathini walioondolewa pamoja naye. Hilo lilimfundisha zaidi kuliko mkungu wa ndizi. Wapo waliomwambia anataka kuwaaibisha. Wapo waliosema watamuudhi mwalimu, naye mwakani hatawapokea. Andrea alimfukuza uani kwao. Binti mmoja wa mzee wa kanisa alimjibu kwamba afadhali asifanye mtihani kabisa kuliko kufanya na watu wa asilimia ndogo.

Kumi na mmoja ndio waliokubali. Pamoja na Elina wakawa kumi na wawili. Walipanda Mbeya siku ya ukungu mzito, wakajiandikisha, wakarudi na kuanza kusoma wenyewe jikoni kwa shangazi Tusekile, moshi ukiwatoa machozi. Waliyoyajua waliyajua kwa sababu Jotham aliwafundisha. Jambo hilo lilimuuma Elina kila alipofungua daftari, na hakupata namna ya kuliepuka.

Ezron aliposikia alikuja juu. Alimwambia binti yake kwamba mwalimu anajua uwezo wake kuliko yeye, na kwamba ukaidi ni ugonjwa wa upande wa shangazi. Tusekile, ambaye ni dada yake tumbo moja, alimkumbusha kwamba upande huo ni wake pia.

Matokeo yalifika baada ya mwaka mpya. Katika tisa wa Jotham, wanane walifaulu. Aliyeanguka ni Lugano, aliyekuwa akiongoza darasani, kwa sababu malaria ilimshika wiki nzima ya mtihani. Wanane katika tisa ni kama themanini na tisa kwa mia, namba nzuri ambayo mtu yeyote mwenye haya angejivunia. Jotham akatangaza kwamba mgonjwa hahesabiki. Akamwondoa Lugano kwenye hesabu kama alivyowaondoa wengine, ingawa safari hii alichelewa, maana kijana alikuwa ameshaingia chumba cha mtihani akitetemeka kwa homa. Wanane katika wanane. Fundi rangi akaitwa kupiga herufi rangi upya.

Katika kumi na wawili wa jikoni walifaulu watano. Elina alikuwa mmoja, kwa daraja la nne, hesabu amepita kwa kukwaruza. Yalimtosha kupata nafasi chuo cha ualimu.

Alikwenda kumpa baba yake habari hizo akitegemea angalau akae naye, wanywe chai. Ezron alifurahi, hilo si la kukataa. Alimpa mkono. Kisha, kwa uso wa mtu anayepima jambo zito, akasema amesikia kule jikoni kwao wamefaulu watano tu katika kumi na wawili.

"Hiyo ni arobaini na kidogo," alisema. "Kwa Jotham ni mia. Mdogo wako nampeleka kwa Jotham."

Elina alifungua kinywa kumweleza mia hiyo ilivyopikwa. Aliutazama ule uso uliotulia, uso wa mtu aliyekwisha kusoma namba na kuridhika, akakifunga. Alikuwa ameshayasema hayo kwenye nyua za watu kumi na tisa na kufukuzwa.

Mdogo wake, Lusungu, alikuwa amefeli mwaka uleule. Asubuhi iliyofuata, kabla baba hajarudi kutoka zamu ya usiku, Elina alikwenda kumwamsha, akamwambia avae viatu vya mvua, wakapanda gari la Mbeya. Kwenye ile sekondari alimsimamisha dirishani na kumwachia aandike jina lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na alipomaliza akamwambia kwamba sasa anaweza kwenda kusoma kwa Jotham au kwa shetani, mtihani ni wake.

Lusungu aliuliza hao watu wa Mbeya nao wana asilimia ngapi.

Elina alimshika mkono, wakaenda kutafuta chai.