Shamba la Wadau

Mimi Kisyeri sinunuliki. Uliza Robanda nzima, vuka hadi Morotonga kwa wajomba zangu, watakuambia kijana yule mdomo anao, ila bei hana. Ndiyo maana nilikuwa na haki ya kumcheka meneja wetu Nelson kuliko mhudumu mwingine yeyote pale kwenye kambi ya watalii.

Nelson alituletea shahada ya uongozi wa biashara na viatu vinavyong'aa hadi nyani walikuwa wanasimama kujitazama. Wiki ya kwanza alitukusanya kwenye bwalo la wafanyakazi, akatundika ubao: Uwazi, Uadilifu, Ujirani Mwema. Kisha akatufundisha neno wadau. Mpishi mdau, mgeni mdau, mwanakijiji mdau. Nikanyoosha mkono kuuliza kama tembo naye ni mdau, maana kwenye mazao ya kijiji anakula kuliko sisi wote. Akasema swali zuri, litajibiwa kwenye mkakati. Hadi leo tembo anasubiri.

Mkakati ulipotoka ulikuwa na kurasa za rangi na picha ya kina mama wanacheka. Ulisema kambi inanunua mboga kwa majirani zake. Mboga zenyewe zilikuwa zinatoka mjini Mugumu kwa pikapu ya shemeji yake Nelson, ambaye ujirani wake na sisi ulikuwa ni kupiga honi getini.

Majirani halisi walikuwepo. Mama Mokami na wenzake wanalima kabichi ng'ambo ya korongo, na kila akileta kikapu Nelson anazigeuzageuza kabichi kama askari anayepekua begi. Ndogo. Zina matundu. Hii nayo tembo ameshaionja. Akamwambia hazina mwonekano. Mama akauliza, kwa heshima zote, huo mwonekano unapikwa na chumvi au bila chumvi. Nilicheka hadi nikatolewa nje.

Mama Mokami hakuwa anacheka. Wenzake walikuwa wamechoka kulinda bustani usiku na mchana kwa ajili ya mnunuzi asiyenunua, wanataka kung'oa kila kitu wapande mtama. Aliwaomba wavumilie kidogo, kambi itakubali tu. Neno lake ndilo lililokuwa linaishikilia ile bustani.

Ndipo makao makuu ya Arusha yakatangaza kwamba mkurugenzi, Mama Eunice, anakuja kuona kwa macho yake huo ujirani mwema. Akiridhika, Nelson anaendelea na mambo yake. Asiporidhika, atachagua wauza mboga mwenyewe.

Nelson akaniita ofisini. Aliniambia ameona kipaji changu, kwamba kampuni inahitaji Afisa Ujirani Mwema, na beji ikatoka kwenye droo ikiwa na jina langu tayari. Kazi ya kwanza ya afisa ni kuhakikisha kesho asubuhi pana shamba la wanakijiji nyuma ya jiko. Nikauliza kabichi inakuaje kwa siku moja. Akasema kwa mtu mbunifu hilo si swali.

Sasa wewe msomaji usinitazame hivyo. Kununuliwa ni kitu kingine. Mimi nilipandishwa cheo.

Nilichukua magunia mawili kwenye pikapu ya shemeji. Kabla hapajapambazuka vizuri nilikuwa nyuma ya jiko, nachimba vishimo, natumbukiza kabichi zilizokatwa Mugumu, nafukia hadi kwenye majani ya chini, nanyunyizia maji zionekane zimelala na umande. Moja ilikuwa inakaa upande kama mlevi, nikaiegemeza kwa jiwe. Hakuna aliyeniona. Hilo naweza kuapa.

Mama Eunice alifika na kofia pana na maneno machache. Kumbe njiani alimkuta Mama Mokami na kikapu chake, akampakia kwenye gari. Nelson alipomwona anashuka, alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Hata hivyo akaanza: wadau, uwazi, ushirikishwaji. Mama Eunice alimwacha na sentensi yake, akaja kusimama mbele ya kabichi zangu.

"Hapa tembo hawaingii?"

"Wanaingia, mama, ila hii mbegu hawaipendi," akadakia Nelson.

Akachukua kabichi moja kikapuni, akaishika karibu na zile za chini.

"Mama Mokami, mbona zako zina matundu na hizi hazina?"

"Zangu zimekaa shambani."

Nelson akanitazama kwa macho ya kuniambia, afisa, fanya kazi. Nikapiga hatua mbele, nikanyoosha viganja vyenye udongo.

"Mama, mimi ndiye Afisa Ujirani Mwema. Hizi nimezipanda mwenyewe, kwa mikono hii, bega kwa bega na wanakijiji."

"Kupanda amepanda," akasema Mama Mokami. "Hapo msimbishie."

Nilimtazama kwa shukrani. Mtu na jirani yake, bwana.

"Lini?" akauliza Mama Eunice.

"Leo alfajiri. Nilikuwa napita kwenda kisimani, nikamkuta huyu mura, kijana wetu, amepiga magoti anafukia fukia. Nikajua wamefiwa. Nikampa pole."

Mama Eunice akainama, akashika ile ya jiwe. Ikatoka bila ubishi, safi chini, haina hata mzizi wa kusingizia. Akamwambia mpishi kikapu cha Mama Mokami kiende jikoni, na kwamba yeye anataka kuvushwa korongo aione hiyo bustani nyingine kabla ya chakula.

Mama Eunice hakuondoka. Kabichi bado iko mkononi, macho yako kwangu, swali akampa Mama Mokami.

"Ulipompa pole alikujibuje?"

"Alinijibu vizuri tu," akasema Mama Mokami. "Alisema, 'Nimeshapoa, mama. Ndiyo kazi ya Mungu.'"